Radi zetu zinatengenezwa papa hapa

Swali limetoka Goma, kando ya Ziwa Kivu, kwa mama mmoja anayeleta mananasi na maharagwe kutoka kisiwa cha Idjwi na kuyauza mjini. Ameandika hivi:

"Mwezi wa tatu, saa kumi ya mchana, upepo ulikuja ghafla kwetu Kyeshero kabla hata tone moja la mvua halijaanguka. Uling'oa manjanja ya nyumba nne kwenye avenue yetu, yote yakaenda kuangukia upande wa ziwa. Kisha ikaja mvua ya mawe, kisha radi mpaka usiku. Watoto wanasema ni tornado, kama zile za Marekani wanazoziona kwenye simu. Mwingine anasema ni mkia wa kimbunga cha Msumbiji. Jirani yangu anasema ni gesi ya ziwa na moshi wa volkano ndivyo vinavyoita radi, na wapo wanaosema radi ile ilitumwa na mtu. Mimi napanda boti kila wiki. Niogope nini, niache nini?"

Mama, asante kwa swali, na hasa asante kwa kuangalia manjanja, yaani mabati ya paa, yaliangukia wapi. Wengi paa likienda wanaokota vilivyobaki na kuanza kutafuta pesa ya misumari. Upande yalikoangukia hawauangalii. Na upande huo ndio ushahidi.

Tornado ni upepo unaozunguka kwa kasi kubwa, umeshikana na wingu juu na ardhi chini. Ikipita mtaani, vitu vinatupwa ovyo: bati moja kaskazini, la pili kusini, mti huu umelala juu ya mwingine kwa kupishana, nyumba moja imesagwa na ya ng'ambo ya barabara haikuguswa. Kwenu yote yalilala upande mmoja. Huo ni upepo ulioporomoka kutoka juu, kwenye wingu la radi, ukagonga ardhi, ukakosa pa kwenda, ukatawanyika. Wingu lilikuwa nyuma yenu, upande wa mlima, ndiyo maana mabati yalikimbilia ziwani.

Aliyetufundisha kusoma alama hizi ni Tetsuya Fujita, Mjapani aliyefanya kazi yake kubwa Chicago. Mwaka 1945 alikwenda kukagua uharibifu wa bomu la atomu huko Nagasaki, akaona jinsi miti ilivyolala ikielekea nje, kila mmoja ukikimbia kitovu kimoja. Karibu miaka 30 baadaye, akikagua kutoka angani msitu ulioangushwa na dhoruba Marekani, aliiona tena alama ile ile. Halafu Juni 1975 ndege ya abiria ilianguka New York ikitaka kutua wakati wa mvua ya radi, na Fujita akasema wazi: ndani ya mawingu haya kuna hewa inayoshuka kwa nguvu ya kuangusha ndege. Wenzake wengi hawakukubali, mpaka vipimo vya rada vilipompa haki. Ni Fujita huyo huyo ambaye jina lake liko kwenye kipimo cha nguvu za tornado. Kwa hiyo mtu aliyezijua tornado kuliko wote ndiye aliyetuonya kwamba si kila paa lililoruka limeondolewa na tornado.

Sasa hewa hiyo inashukaje? Inabidi tuanze na inavyopanda.

Asubuhi jua linapiga miteremko ya milima ya Masisi na mabega ya Nyiragongo, volkano yetu. Hewa iliyo karibu na udongo inapata joto, inakuwa nyepesi, inapanda. Ikipanda inapanuka, na ikipanuka inapoa, karibu digrii 10 kwa kila kilomita. Inafika mahali mvuke uliomo hauwezi tena kubaki mvuke. Unageuka matone madogo, na hapo wingu limezaliwa. Watu wengi wanadhani kazi imeishia hapo, kumbe ndiyo inaanza. Mvuke ukigeuka maji unarudisha joto lote lililotumika kuupandisha kutoka ziwani au kwenye majani ya msitu. Kila kilo moja ya mvuke inaachia kama joule milioni 2.5, joto la kutosha kuchemsha lita 7 za maji baridi. Joto hilo linaipasha hewa ya ndani ya wingu, inakuwa nyepesi kuliko hewa ya pembeni, inazidi kupanda, inavuta mvuke mwingine kutoka chini, nao unaachia joto lake. Wingu linajilisha lenyewe. Ukiliona saa nane mchana limevimba juu ya Sake, jeupe na lenye mafundo mafundo, linapanda mbele ya macho yako. Katika nchi za joto kama yetu linaweza kufika kilomita 15 na zaidi, mpaka likute tabaka la hewa lisiloliruhusu kupita, ndipo kichwa chake kinapotandazika na kuwa bapa.

Goma iko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari. Kwenye ukanda wetu, mahali hewa inapofika baridi ya kugandisha maji ni kama kilomita 5 juu ya bahari, yaani juu ya kichwa chako kuna kilomita tatu na nusu tu mpaka kwenye barafu. Kwa mtu wa Dar es Salaam ni kilomita 5 nzima. Ndiyo sababu mvua ya mawe inayoyeyuka njiani kabla ya kumfikia yeye, kwenu inafika ikiwa mawe, na kwa wafugaji wa Masisi, walio juu zaidi, inafika mawe makubwa zaidi.

Barafu hiyo ndiyo inayotengeneza radi pia. Ndani ya wingu kuna chembe ndogo za barafu zinazopandishwa na hewa, na kuna punje nzito zaidi, laini, zinazoanguka. Zikigongana, umeme unahama kutoka moja kwenda nyingine. Chembe nyepesi zinabeba umeme chanya kwenda juu, punje nzito zinabaki katikati na chini zikiwa na umeme hasi. Mamilioni ya migongano kwa dakika, na tofauti inakua mpaka hewa yenyewe, ambayo kwa kawaida haipitishi umeme, inashindwa kuizuia. Mara nyingi cheche inaruka ndani ya wingu tu, na sehemu ndogo inashuka ardhini. Njia inayopitwa na radi inapata joto la digrii kama 30,000, mara tano ya uso wa jua. Hewa iliyopashwa hivyo kwa ghafla inalipuka, na huo mlipuko ndio ngurumo. Sauti inakwenda kilomita moja kwa sekunde 3 hivi, kwa hiyo ukihesabu sekunde kati ya mwanga na ngurumo kisha ukagawa kwa 3, unapata umbali wake kwa kilomita.

Turudi kwenye upepo wako. Mvua na mawe vinapokuwa vizito kuliko nguvu inayovishika juu, vinaanguka na kuvuta hewa pamoja navyo. Njiani sehemu ya matone inakauka, na kukauka kunapoza. Hewa iliyopoa ni nzito, inashuka kwa kasi zaidi. Ikigonga chini inakimbia mbele ya mvua. Ule ubaridi unaokupiga usoni sokoni, vumbi likiruka na akina mama wakikunja maturubai, ndio hewa hiyo. Siku nyingi ni baridi tu. Siku chache inapita kilomita 100 kwa saa, na hapo mabati yaliyopigiliwa misumari michache yanakwenda. Wingu moja peke yake linaishi nusu saa au saa moja, maana hewa baridi iliyoshuka inalikatia mvuke wa chini. Lakini hewa hiyo baridi ikisambaa inaingia chini ya hewa yenye joto ya jirani na kuisukuma juu, na wingu la pili linazaliwa pale. Ndiyo maana kwenu radi zilidumu mpaka usiku: hayakuwa mawingu yale yale.

Kuhusu wingi wa radi zetu, hapa hatuna mshindani Afrika. Kati ya 1998 na 2013 setilaiti ya Marekani na Japani ilihesabu mimweko ya radi kwenye ukanda wote wa joto. Mahali pa kwanza duniani pakawa Ziwa Maracaibo, Venezuela, mimweko 233 hivi kwa kilomita moja ya mraba kwa mwaka. Pa pili ni milima ya kwetu, upande wa magharibi wa Kivu, mahali watafiti walipopaandika kwa jina la Kabare: 205. Sake, mnayopitia mkienda Masisi, nayo imo kwenye kumi bora, na Butembo pia. Matokeo hayo yalitoka 2016, na sikumbuki kuona Goma au Bukavu wakiyafanyia sherehe.

Sababu zake ziko wazi kwa anayeangalia ramani. Magharibi kuna msitu wa Kongo, unaotoa mvuke mwingi. Mashariki hewa inatoka upande wa Bahari ya Hindi. Katikati yake kuna ukuta wa milima: Mitumba, Kahuzi yenye mita 3,308, Nyiragongo yenye 3,470, Karisimbi yenye 4,507. Hewa ya pande mbili ikikutana kwenye ukuta haina pengine pa kwenda ila juu. Tena jua letu halichoki; mwezi wa tatu na wa tisa linapita wima juu ya vichwa vyetu, na misimu ya mvua kali inafuata hapo hapo, Machi hadi Mei na Septemba hadi Desemba. Ni Juni, Julai na Agosti tu ndipo mvuke unapungua na mbingu zinatulia.

Halafu kuna ziwa. Mchana nchi kavu inapata joto haraka kuliko maji, kwa hiyo upepo unatoka ziwani kwenda milimani. Dhoruba zinaota kwenye miteremko, mchana na jioni. Hiyo ya kwenu ya saa kumi ni ya aina hii. Usiku mambo yanageuka. Milima inapoa, hewa yake baridi inateremka mabondeni kutoka upande wa Masisi, wa Kalehe, wa Rwanda, na yote inakutana juu ya maji. Maji ya Kivu yanabaki na joto la digrii 23 au 24 usiku kucha, yakitoa mvuke. Hewa inayokutana katikati ya ziwa inapanda, na dhoruba inazaliwa huko, saa saba, saa tisa, hata saa kumi na moja alfajiri, wakati wavuvi wa sambaza, wale samaki wadogo, wako kazini na taa zao. Hawa ndio wanaojua ninachosema. Mvuvi anaona umeme unawaka bila sauti upande wa Kalehe, anaangalia wenzake, wanaanza kukusanya nyavu kabla bosi wa nchi kavu hajajua kuna nini.

Kwenye Ziwa Victoria, ambako dhoruba za usiku zinaua wavuvi wengi kila mwaka, utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha kwamba nguvu ya dhoruba ya usiku ziwani inafuatana na ile ya mchana uliotangulia kwenye nchi kavu. Mchana ukiwa mkali milimani, usiku ziwa linastahili wasiwasi. Ziwa letu ni dogo kuliko lile, lakini milima yake iko karibu na mirefu zaidi. Ningekuwa msafiri ningeishika kanuni hiyo hiyo.

Jirani yako na gesi yake, naye anastahili jibu. Kweli Ziwa Kivu lina gesi nyingi, kaboni dayoksidi na methani, na hatari yake ni habari nyingine kubwa. Lakini imeyeyuka katika maji ya chini, kutoka kina cha mita 260 hivi kwenda chini, imebanwa na uzito wa maji ya juu. Haina mkono katika kutengeneza mawingu. Volkano nayo: joto la shimo la Nyiragongo linaweza kuweka kiwingu juu ya kilele, mnakiona kila siku, lakini jua linapasha mkoa mzima. Nyiragongo inasaidia dhoruba kwa sababu ni mlima mrefu, ingesaidia hivyo hivyo kama ingezimika leo. Zipo volkano duniani zinazorusha majivu mengi mpaka radi zinapiga ndani ya majivu yenyewe. Lakini milipuko ya Nyiragongo iliyotufukuza majumbani, Januari 2002 na Mei 2021, ilikuja kwa mto wa moto uliopasua ubavu wa mlima.

Na radi ya kutumwa. Nimekulia katika nchi hii, sitamcheka mtu aliyepoteza mtoto na anatafuta sababu. Ila nimeona pia nini kinafuata: jina la mzee fulani, au mjane fulani, linaanza kuzunguka, na mara nyingine nyumba yake inachomwa. Hilo ni kosa, na ni jinai. Pale ambapo mimweko 200 inawaka juu ya kilomita moja ya mraba kwa mwaka, radi haihitaji kutumwa na mtu ili ifike. Inachagua kilicho juu na kilicho peke yake: mti ulio katikati ya malisho, msalaba wa kanisa, mchezaji uwanjani, mtu aliyesimama ndani ya pirogi. Watu wanashangaa ng'ombe 10 kufa kwa pigo moja huko Masisi na mchungaji akabaki hai, wanasema hapo kuna mkono wa mtu. Radi ikipiga mti, umeme unasambaa kwenye udongo, ukipungua kadiri unavyokwenda mbali. Ng'ombe ana miguu ya mbele na ya nyuma iliyoachana mita moja na nusu. Umeme unapanda kwa ile iliyo karibu na mti, unapita kifuani, unatoka kwa ile ya mbali. Mchungaji miguu yake iko pamoja, unapita kidogo au haupiti.

Tuje kwa kimbunga cha Msumbiji, ambacho nitakipitia kwa haraka zaidi maana si chetu. Dhoruba hizi kubwa za baharini zinaitwa harikeni kwenye Atlantiki na taifuni upande wa China na Japani. Zote ni kitu kimoja: kundi la mawingu ya radi lililoanza kuzunguka pamoja juu ya bahari yenye maji ya joto la digrii 26.5 au zaidi, mpaka pepo zake zipite kilomita 119 kwa saa. Kinachozizungusha ni mzunguko wa dunia wenyewe, nguvu inayoitwa ya Coriolis, ambayo kwenye mstari wa ikweta ni sifuri na inaongezeka kadiri unavyouacha mstari. Ndiyo maana karibu vyote vinazaliwa zaidi ya digrii 5 kutoka ikweta. Kulikuwa na cha ajabu Desemba 2001, kikaitwa Vamei, kilichozaliwa karibu na Singapore chini ya digrii 2. Wataalamu wanakisimulia hadi leo kwa sababu hakina wenzake wengi. Goma iko digrii 1.7, na ziwa lake lina urefu wa kilomita 90 tu, ilhali kimbunga kinahitaji mamia ya kilomita za bahari.

Nacho kikiingia nchi kavu kinakatiwa mvuke na kinakufa. Kimbunga Idai kiligonga Beira usiku wa 14 Machi 2019, kikaua zaidi ya watu 1,000 Msumbiji, Zimbabwe na Malawi. Kutoka Beira mpaka Goma ni zaidi ya kilomita 2,000. Upepo wa Idai haukufika hapa na hauwezi kufika. Hata ndugu zetu wa Lubumbashi, walio kusini zaidi, wako zaidi ya kilomita 1,000 kutoka bahari. Aliyekwambia habari ya mkia wa kimbunga ana chembe moja ya ukweli, lakini ameigeuza. Kimbunga kikikaa upande wa Madagascar, mara nyingine kinavuta hewa yenye unyevu ya Kongo kwenda mashariki, na mvua inaongezeka mpaka Kenya. Machi 2018 ilikuwa hivyo. Hapo ni hewa yetu inayokwenda kwao.

Tornado inahitaji kitu ambacho Marekani inacho kwa wingi na sisi hatunacho. Kwenye tambarare zao, chini kunakuja hewa ya joto na unyevu kutoka Ghuba ya Meksiko, na juu kunapita upepo mkali kutoka magharibi, mara nyingi zaidi ya kilomita 100 kwa saa. Hewa iliyo katikati ya pepo mbili zisizolingana inabiringika, kama unga wa mandazi kati ya viganja viwili. Wingu la radi likipanda hapo linaunyanyua ule mbiringiko na kuusimamisha wima, na wingu zima linaanza kuzunguka. Wataalamu wanaliita superseli. Hata hapo si kila superseli inazaa tornado, lakini Marekani wanapata kama 1,200 kwa mwaka, na zile za daraja la juu kabisa zina upepo wa zaidi ya kilomita 322 kwa saa. Afrika Kusini, iliyo mbali na ikweta, nayo inazipata. Kwetu pepo za juu hazitofautiani sana na za chini. Mawingu yetu ni marefu kuliko yao, radi zetu ni nyingi kuliko zao, lakini hayazunguki. Kitu kinachoweza kuonekana kwenye maziwa yetu ni ule mnara mwembamba wa maji unaoning'inia kutoka wingu changa, kama wanaouona wavuvi wa Victoria. Unadumu dakika chache na ni dhaifu kuliko tornado ya nchi kavu, lakini boti ndogo ukae nao mbali. Na kile kinachozungusha vumbi na mifuko ya plastiki Lubumbashi mwezi wa nane, jua likiwaka na hakuna wingu, ni hewa ya joto tu.

Kwa hiyo, Mama, weka kando vya kwenye simu. Kinachoua Kivu ni wingu la kawaida la radi, kwa mvua, kwa upepo wa kushuka na kwa umeme. Tarehe 4 Mei 2023, Bushushu na Nyamukubi, katika Kalehe, zaidi ya watu 400 walikufa, na Nyamukubi ilikuwa siku ya soko. Mvua iliangukia miteremko mikali, mito ikashuka na mawe na nyumba. Hakukuwa na kimbunga.

Paa kwanza, maana najua manjanja mapya ni bei gani. Upepo hausukumi paa chini. Ukipita juu yake unalinyonya kwenda juu, na unaanzia kwenye kingo na pembe. Msumari ulioshika bati kwenye mbao hausaidii ikiwa mbao zenyewe zimelazwa tu juu ya ukuta. Fundi azifunge mbao kwa waya mnene au chuma mpaka kwenye nguzo, na misumari iongezwe pembeni, si katikati. Mawe ya volkano tunayoweka juu ya mabati hayazuii upepo mkali, na yakianguka yanapasua kichwa cha mtu.

Umeme. Ukihesabu sekunde chini ya 30 kati ya mwanga na ngurumo, ingia ndani, na usitoke mpaka nusu saa ipite tangu ngurumo ya mwisho. Ndani maana yake ni nyumba imara au gari lililofungwa. Chini ya mparachichi si ndani, wala kibanda cha mbao chenye bati. Usijiegemeze ukutani, usishike bomba. Simu yenyewe haiiti radi, wanaosema hivyo wanakosea; simu iliyochomekwa kwenye umeme ndiyo hatari, kwa sababu waya unaweza kuleta pigo lililotokea mbali. Shule na makanisa ya Goma yana shida ya pekee: mawe ya volkano hayapitishi umeme vizuri. Paratoneri, ile fimbo ya chuma ya kukinga radi, iliyosimikwa juu ya paa bila waya uliozikwa vizuri, mrefu, penye udongo ulioletwa, inaita radi na kukosa pa kuipeleka. Kamati ikimwita fundi, imuulize habari ya ardhini kabla ya kumuuliza bei ya fimbo. Na mtu akipigwa, mguse. Hana umeme mwilini. Mara nyingi ni moyo na pumzi vimesimama; anayekandamiza kifua chake haraka, bila kuacha, anaweza kumrudisha, na waliosimama pembeni wakiogopa kumgusa wanampoteza.

Boti ya Idjwi panda kati ya saa tatu asubuhi na saa sita. Dhoruba za usiku zinakuwa zimeisha ziwani, za mchana hazijakomaa milimani. Kama jana yake radi zilipiga sana Masisi na Kalehe, usikubali safari ya usiku hata kama nahodha anakupunguzia nauli. Ukiwa tayari majini na ukahisi ubaridi wa ghafla upande mmoja wa uso, maji yakawa meusi huko mbele, mvishe mtoto, kama unaye, jaketi lake la kuelea kabla ya kuvaa lako, keti chini katikati ya boti, mbali na chuma, na mwambie nahodha ageuze kuelekea ufukwe ulio karibu, hata kama si bandari yake. Upepo wa kushuka ukikukuta ubavuni una dakika chache tu za kuamua. Mananasi yatupwe majini kwanza.